Mstari wa Kuaga kwenye Theluji ya Dubai

Kwetu Makete baridi tunaijua. Mwezi wa saba majani ya viazi yanaamka meupe, na mtoto anakwenda shule mikono kaificha kwapani. Kwa hiyo nilipopata kazi Dubai kwenye jengo la theluji, lile la ndani ya duka kubwa ambako watu wanateleza huku nje jua linachemsha lami, sikuogopa kama wenzangu waliotoka pwani. Shida yangu ilikuwa kuwaeleza watu wa nyumbani. Nilijaribu mara moja kwa simu. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo wanalipa ili wasikie baridi?" Nikamwambia ndiyo. Akasema nimsalimie huyo anayepokea hizo hela.

Kazi yenyewe ilikuwa kuvisha watu viatu. Mteja anataja namba ya mguu wake, unampa buti, unapiga magoti, unamfungia. Mabwana wakubwa wanaoogopwa maofisini kwao walininyooshea miguu kama watoto wa chekechea, na mimi nikawaambia "sir, sukuma kisigino nyuma" siku nzima. Wengi walichukua mbao mbili. Vijana wa suruali pana walichukua ubao mmoja na buti laini za kamba, wakashuka wakiparuza theluji kwa ubavu, na nyuma yao mteremko ukabaki kama shamba la mihogo lililopitiwa na nguruwe.

Halafu kulikuwa na watu wa buti ngumu. Hao nao walisimama juu ya ubao mmoja, lakini ubao wao ulikuwa mrefu na mwembamba, na miguuni walivaa buti za plastiki zenye bizimu, zimebanwa kwenye vishikizo vya chuma, vidole vikielekea mbele. Hawakuparuza. Waliulaza ubao juu ya ukingo wake wa chuma, na wao wenyewe wakalala nao mpaka mkono ukapapasa theluji, na ubao ukakata mfereji mmoja mwembamba kutoka juu hadi chini, kona baada ya kona. Ubao ukiponyoka hata kidogo, mfereji unapanuka mahali pale, na kila mtu anauona.

Mji mzima ule wenye kila kitu, watu wa buti ngumu hawakutosha kujaza pikapu moja. Mkubwa wao alikuwa mzee mmoja wa Austria, fundi wa lifti za maghorofa, mwenye masharubu ya mvi na goti la kulia linalolia akiinama. Nilimwita Mzee kwa heshima ya kwetu, na yeye alipojua maana yake akaanza kuniita arbab, yaani bosi, kwa sababu nilikuwa bosi wa viatu. Mwingine alikuwa mama wa Kijapani, mwembamba, mpole wa maneno, lakini akiwa juu ya ubao hana huruma. Huyo tulimwita madam.

Walikuja Ijumaa asubuhi. Meneja aliwaruhusu kuingia kabla ya mlango kufunguliwa, wakati mashine imeshalainisha theluji na kuiacha na mistari kama nywele zilizochanwa. Wakishuka, wanapanda lifti ya viti na kuangalia chini. Hawaongei. Wanakagua mifereji kama mafundi cherehani wanaokagua mshono wa mwenzao. Kisha Mzee anasema, "Kona ya tatu," na mwenye kona hiyo anainamisha kichwa.

Buti zao zililala kwangu, kwenye chumba cha kukaushia. Hiyo ilikuwa sheria ya Mzee, na aliihubiri kwa kila mgeni: buti ngumu hazilali garini. Ughaibuni kwingine mtu anaweza kuziacha garini mwaka mzima. Dubai, gari likikaa juani mwezi wa nane, plastiki inaiva. Ukiitoa humo ukaiingiza kwenye theluji, inapasuka. Na buti hizo haziuzwi mjini. Unaagiza kutoka mbali, unasubiri, inakuja namba siyo.

Mimi niliingia kundini kwa mlango wa uani. Mwenzao mmoja alirudi kwao Kanada akaacha buti zake rafuni, na zilikuwa namba yangu. Mzee alisema plastiki isiyovaliwa inakufa haraka, hivyo nizivae. Nilianguka mwaka mzima. Nilianguka kifudifudi, kichalichali, na kwa namna ambazo hazina jina. Mkenya niliyekaa naye chumba kimoja mtaa wa Karama, askari wa ulinzi katika benki, alikuwa akinipaka dawa ya misuli mgongoni huku ananicheka.

"Aki wewe," alisema, "umetoka Tanzania ukapanda ndege, ukakuja jangwani, uanguke kwa barafu? Si ungeanguka tu huko kwenu, free?"

Lakini asubuhi ile nilipokata kona yangu ya kwanza safi, ubao ukanishika na kunizungusha bila mimi kuulazimisha, nilipiga kelele peke yangu mle ndani. Ilikuwa furaha tupu. Sijawahi kupata nyingine iliyokuja bila kuomba kitu kwa mtu.

Sasa niseme jambo la kuaga. Dubai hakuna anayebaki. Kibali cha kukaa kimefungwa kwenye kazi, kazi ikiisha unafunga virago, uwe mfagiaji au injinia. Watu wa buti ngumu walikuwa na desturi yao kwa ajili ya hilo. Ijumaa ya mwisho ya mtu, wenzake wote wanasimama pembeni, na yeye anashuka peke yake kwenye theluji ambayo haijaguswa. Kisha anapanda lifti pamoja nao, wanautazama mstari wake ukiwa peke yake. Hakuna hotuba wala keki. Akishauona, khalas, kila mtu anateleza.

Zamu ya Mzee ilifika. Umri wake ulikuwa umevuka ule ambao kampuni yake ilikubali kumwongezea mkataba. Lakini si hilo lililotuuma. Kwao alikuwa anasubiriwa na daktari ambaye angemtoa lile goti na kumwekea la bandia, na daktari alishamwambia baada ya hapo ataweza kutembea, ataweza kuogelea, buti ngumu basi. Kwa hiyo mstari ule haukuwa wa kuiaga Dubai tu. Ulikuwa wa mwisho maishani mwake, na alilijua hilo, na sisi tulijua kwamba analijua.

Katikati ya wiki ile alikuja kuzichukua buti zake. Alitaka kuona kama zitaingia kwenye begi. Nilimkabidhi, tukataniana, akaondoka.

Ijumaa alifika mapema kuliko wote. Alikaa kwenye benchi langu, akavaa buti ya kushoto, akafunga bizimu. Akavaa ya kulia. Tulishaingia kwenye baridi, tumesimama chini ya mteremko, alipoinama kukaza bizimu ya juu. Nikasikia mlio mkavu, kama kuni inayovunjwa gotini. Buti ilikuwa imefunguka kuanzia kwenye kifundo mpaka chini, unaona bitana ya ndani.

Nilimuuliza alikuwa ameziweka wapi. Madam akamwangalia, nami nikamwangalia, na yule mzee wa watu akawa mwekundu mpaka masikioni. Nyumba alisharudisha, anakaa hoteli, kichwa kimejaa mambo ya safari. Begi halikutosha, akazitupa nyuma ya gari, gari likashinda juani siku mbili. Mganga hajigangi. Hakuna aliyecheka, ingawa siku nyingine tungecheka mpaka tulie.

"Khalas, arbab," akasema. Tulizungumza Kiingereza siku zote, chake kizito, changu cha kuokoteza. "Imekwisha. Nyinyi telezeni."

Akaanza kufungua bizimu. Hapo nilikasirika. Sijui hasira ilitoka wapi, maana mzee wa umri ule kwetu haamriwi. Nilimwambia aache. Nikavua buti zangu palepale, nikazisukuma mbele yake. Zilikuwa ndogo kwake kwa namba moja na ushee, na katika buti ngumu namba moja ni tofauti ya mlango na ukuta.

"Haziingii," akasema.

"Mzee, mimi ndiye ninayevisha watu viatu hapa."

Nilimrudisha kwenye benchi. Nilitoa soli laini za ndani ili kupata nafasi. Nilimvua soksi nene, nikamvalisha mfuko wa nailoni mguu mtupu ili uteleze kuingia, ujanja tunaoutumia kwa wateja wenye miguu migumu. Madam alikuwa tayari ameshika bisibisi, anasogeza vishikizo vya ubao wa Mzee vilingane na buti fupi. Nyuma ya kioo foleni ya watoto na baba zao ilikuwa inazidi, na mlinzi wa mlango alikuwa ananiangalia akigusa saa yake.

"Sukuma kisigino nyuma, sir," nikamwambia.

Akasukuma. Uso ukakunjamana, machozi yakamtoka ya maumivu, mguu ukaingia. Wa pili ukaingia kwa matusi ya Kijerumani. Nilipomfungia bizimu ya mwisho aliniwekea mkono begani na kuuacha hapo kidogo.

"Yalla, twende," akasema.

Alipanda lifti peke yake. Sisi tulisimama chini, mimi nikiwa na buti laini za kukodisha. Theluji ilikuwa haina hata alama. Alisimama juu muda, tukadhani ameghairi, kisha akauelekeza ubao chini na kuulaza.

Sitaweza kueleza vizuri. Alikuwa na umri wa babu, goti bovu, vidole vimekunjwa kama karanga ndani ya ganda, na alishuka kana kwamba mteremko unamfuata yeye. Kulia akalala, mkono ukapapasa theluji. Kushoto akalala. Nilisikia ukingo wa chuma ukikata, sauti ndogo kama ya mkasi kwenye kitambaa. Madam alikuwa amefunika mdomo kwa glovu zake. Mimi nililia, na sioni haya.

Tulipanda naye kwenye lifti, mimi upande mmoja, madam upande wa pili. Mstari ulikuwa chini yetu, mmoja, mwembamba, kuanzia juu hadi alipokomea. Sote tuliona kwa pamoja. Kwenye kona ya tatu mfereji ulipanuka, upana wa kiganja hivi, pale kisigino kilipomponyoka kwa sababu ya buti.

Nilitazama mlango kule chini. Bado ulikuwa umefungwa.

"Mzee, rudia," nikamwambia. "Nitaongea na mlinzi. Unaweza kurudia."

Miaka yote ile alikuwa hajamsamehe mtu kosa la kona ya tatu. Alimrudisha kila mtu, alinirudisha mimi mpaka nikamchukia. Aliinama juu ya kizuizi cha kiti, akaiangalia ile kona mpaka tulipoipita, akageuka kuiangalia tena.

"Hapana," akasema. "Huo ndio wangu."

Alipofika chini safari ya pili, polepole, bila kukata, mlango ulikuwa umeshafunguliwa na watoto wanamiminika na vigari vyao vya kutelezea. Alikaa benchini. Nilipiga magoti, nikamfungua bizimu moja moja, nikamvua buti kwa uangalifu. Kucha ya dole gumba ilikuwa imeanza kuwa nyeusi. Nilimshikia mikononi mwangu mguu uliokuwa baridi kabisa, nikausugua urudiwe na damu, naye akaniacha, anaangalia mbele.

"Arbab," akasema, "Ijumaa ijayo utateleza saa ngapi?"

Nikamwambia saa ileile.

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepiga simu nyumbani akaambiwa wote wazima.