Simu za Bure kwa Fundi Zainabu

Jambo hili ndugu zangu wa Masasi nimewaficha mpaka leo, na kama wamelisikia basi wamelisikia kwa watu wengine, maana hapa Nachingwea hakuna asiyelijua, hata watoto wa chekechea wakipita mbele ya banda langu utawasikia wanaambiana pale ndipo zinapogawiwa simu. Aibu imeshanizoea na mimi nimeizoea, kwa hiyo ni heri nilisimulie mwenyewe, angalau nitasimulia bila kuongeza chumvi.

Mimi ni fundi cherehani. Nina banda nyuma ya soko, nina cherehani mbili (moja inafanya kazi, nyingine nainyofoa vipuri), na nina wateja niliowakusanya kwa miaka kumi na moja, wengine wa hapa mjini, wengine wa Ruangwa, na wengine wa mbali kabisa huko Kilimarondo ambao huja mara moja kwa msimu wakishavuna ufuta wao, wanashonesha nguo za nyumba nzima halafu huwaoni tena mpaka mwakani. Kila mteja nimemwandika kwenye daftari la vipimo, jina lake, namba yake ya simu, kifua, kiuno, urefu wa mkono, ili nguo ikiwa tayari nimpigie.

Sasa mwaka huo simu yangu ilinidondoka sakafuni, kioo kikapasuka, na upande wa kulia pakaota doa jeusi kubwa kama wino uliomwagika. Nikaendelea kuitumia hivyo hivyo. Mteja mmoja akanitumia picha ya gauni analotaka, nikaiangalia vizuri, nikaona gauni lina mkono mmoja tu wa kushoto, nikajisemea haya, mitindo ya siku hizi, nikakata nikashona. Kumbe mkono wa kulia ulikuwepo, ulikuwa nyuma ya lile doa. Na gauni lenyewe lilikuwa la kwenda kwenye maulidi.

Kwa hiyo mnielewe, simu mpya niliihitaji kikazi, sikuitaka kwa fahari. Ndipo kwenye kundi letu la mafundi mtu akatupia linki, imeandikwa alika watu sitini upate simu janja bure, unaletewa mpaka ulipo. Nikabonyeza. Ukurasa ulikuwa mzuri, una picha ya mama mmoja anacheka ameshika boksi, na chini kuna namba inayohesabu watu uliowaalika. Nikamwandika mume wangu, Baba Nasri, bila kumuuliza. Nikamwandika dada yangu, nikaandika mafundi wenzangu, nikafika watu tisa nikakwama. Siku tatu namba imesimama kwenye tisa na yule mama wa kwenye picha ananicheka mimi.

Siku ya nne ukurasa ukaniuliza, je, una wateja? Jiandikishe kuwa wakala wa eneo lako, na kila utakayemwandika atahesabiwa mara mbili. Nikajaza. Jina, Fundi Zainabu. Mahali, Nachingwea, nyuma ya soko. Kisha nikalivuta lile daftari la vipimo. Nilisita, siwezi kusema sikusita, lakini nikajiambia watapata meseji moja tu, wataipuuza kama tunavyopuuza meseji zote, nani atadhurika? Nikakaa mpaka adhuhuri naandika majina na namba, na kila nikiandika mmoja ile hesabu inaruka mbili, na utamu wake sitaki kudanganya, ulikuwa mkubwa. Nilipofika hamsini na tisa pakagoma. Ukurasa ukasema mtu wa mwisho subiri, tunahakiki.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Jumamosi saa mbili asubuhi nafika bandani, nakuta watu kama kumi wamekaa kwenye benchi na wengine chini, wamevaa nguo zangu nilizowashonea mimi mwenyewe. Nikafurahi, nikadhani kazi zimekuja. Mama Sikujua, jirani yangu anayekaanga mihogo, akaniambia kwa sauti ya chini, "Zainabu, hawa wanasema umewaita."

Mzee mmoja akasimama akanisalimia kwa adabu, nikamwamkia shikamoo. Nilimkumbuka, Mzee Shija wa Kilimarondo, mfugaji, mmoja wa wale waliohamia na ng'ombe kutoka Kanda ya Ziwa, nilimshonea kaunda suti ya bluu na siku hiyo alikuwa ameivaa, imenyooshwa ina mstari. Akatoa kitochi chake, ile simu ndogo ya vitufe, mfukoni, akaniomba nisome, nikasoma. *Habari Shija, zawadi yako ya simu janja imefika. Ichukue Jumamosi kwa wakala wetu Fundi Zainabu, Nachingwea, nyuma ya soko.* Chini yake palikuwa na linki.

Nadhani mmeshaelewa. Waliokuwa na simu kubwa walibonyeza linki wakapotelea humo humo kwenye ukurasa. Wenye vitochi, ambao linki haiwafungukii, ndio waliosoma maneno wakapanga safari, yaani waliokuja ni wale hasa ambao simu janja walikuwa hawana.

Hapo ndipo ningesema ukweli, watu kumi tu, tungesikitika tukaagana. Badala yake mdomo wangu ukafunguka wenyewe ukasema, "Mzigo bado uko njiani. Unaingia saa nane."

Kwa nini saa nane, sijui. Nilitaka nipate nafasi ya kufikiri. Ila niliowaambia saa nane wakatoa simu zao wakawapigia ndugu zao, kwamba ni kweli jamani, fundi mwenyewe amethibitisha, mzigo unaingia saa nane, njooni. Kufika saa tano benchi halionekani. Wamekuja wa mjini, wamekuja wa vijiji vya karibu, wamekuja watu ambao sijawahi kuwapima hata kola, na Mama Sikujua amemaliza mihogo yote ametuma ikaletwe mingine. Mwenyekiti wa mtaa akapita, akasimama, akaniuliza kama nina kibali cha mkusanyiko.

Nikaingia ndani ya banda nikajifanya natafuta uzi. Pale nyuma kuna mlango mdogo unaotokea chooni, nikajitanda kitenge cha mteja gubigubi nikatoka nimeinama, nimekwenda hatua kama ishirini, nikasikia sauti ya upole nyuma yangu, "Samahani mama, kwa fundi wa simu ni hapa?" Alikuwa mwanamke mwenye mtoto mgongoni, vumbi limempanda mpaka magotini. Nikamwambia ndiyo, ni hapa. Akasema, "Ahsante, nimetembea tangu alfajiri." Miguu yangu ikakataa kuendelea. Nikarudi naye.

Baba Nasri alikuwa ameshafika, habari imemkuta kwenye banda lake la baiskeli. Hakunigombeza. Aliniuliza kitu kimoja tu, "Simu zipo?" Nikasema hazipo. Akasema, "Basi waambie sasa hivi, usingoje hiyo saa nane."

Nikapanda kwenye kigoda, futi kamba inaning'inia shingoni, nikawaambia. Nikasema hakuna mzigo, hakuna simu, mimi ndiye niliyeandika namba zenu kwenye mtandao ili nipate simu yangu, na la saa nane nililisema kwa woga, nisameheni. Mwanamume mmoja akacheka, cheko refu la kuchoka, akachukua baiskeli yake akaondoka. Nilidhani nitatukanwa. Kilichotokea kiliuma zaidi, mama mmoja alisogea akaniambia taratibu, "Fundi, naomba kitambaa changu." Nikampa. Akaja mwingine, naye akataka chake. Siku hiyo nilirudisha vitambaa kumi na kimoja ambavyo havijaguswa mkasi, na kila niliyemrudishia alisema ahsante.

Watu wakapungua mpaka akabaki Mzee Shija peke yake kwenye benchi, kofia ameiweka magotini. Nikamwendea, nikapiga goti.

"Baba, nisamehe. Umetoka mbali."

"Nimetoka jana," akasema. "Mahindi nimemwachia mke wangu ayalinde, tembo wako karibu."

Akaendelea mwenyewe, bila hasira, "Mimi simu ya kutembea nayo sikuitaka sana. Mdogo wangu yuko nyumbani, kule Sengerema, anayo simu ya kuonana. Alisema nikipata yangu atanionyesha mama. Huu mwaka wa sita sijaiona sura yake, na sasa anaumwa miguu, hasafiri."

Nikamwambia, baba, ninayo simu, mbovu, ila inaonyesha. Baba Nasri akaenda kununua bando mbio. Tukapiga, ikaita mara ya kwanza ikakatika, mara ya pili ikapokelewa, na kwenye nusu ya kushoto ya kioo changu akatokea bibi kizee mdogo wa umbo amekaa kwenye mkeka, ameshikishwa simu na mtu, anatazama pembeni hajui atazame wapi. Walizungumza Kisukuma, sikuelewa neno hata moja. Bibi alikuwa akisogea kidogo anaingia nyuma ya lile doa jeusi, na Mzee Shija anaiinamisha simu, anaigeuza huku na huku, anachungulia kwa pembeni kana kwamba mama yake amejificha nyuma ya mlango. Nikamshikia simu, nikawa namfuata yule bibi ili asipotee. Alipomaliza alivaa kofia yake, akaishusha mpaka machoni. Nikamuuliza walikuwa wanasemaje. Akasema, "Ananiuliza nani kanishonea suti."

Akaondoka na lori la mchana. Msifikiri hilo lilinisafisha. Jioni nilifungua ule ukurasa, na namba ilikuwa bado inasema hamsini na tisa, umebakiza mmoja, na mnisamehe, kidole changu kilisimama pale juu, nikaanza kuwaza nani sijamwandika. Ningependa niseme nilijifuta humo kwa sababu ya dhamiri. Nilijifuta kwa sababu Baba Nasri alikuwa amekaa mbele yangu ananitazama.

Wiki iliyofuata nikaanza kuwazungukia wateja wote wa kwenye daftari, niwaombe radhi na niwaambie meseji yoyote ya zawadi waifute. Wa hapa mjini niliwamaliza kwa siku mbili. Wa Ruangwa nikawapandia gari. Karibu wote walinipokea vizuri, wengine walinicheka nikacheka nao, mpaka nilipofika kwa Bi. Somoe, mama mtu mzima, mteja wangu tangu banda langu ni la makuti, mtu wa kushonesha nguo nne kila mfungo wa Ramadhani.

Akanikaribisha, akanipa maji, akaniacha niseme yote. Kumbe mjukuu wake alikuwa ameibonyeza ile linki kwenye simu ya bibi yake, ikanyonya namba zote zilizomo, na kila aliyemo akatumiwa ujumbe kwamba Bi. Somoe ana zawadi yake. Imamu wa msikiti wao akaja na ndugu yake, kwa heshima zote, kuulizia zawadi. Bi. Somoe aliwarudisha mlangoni mikono mitupu.

"Zainabu," akaniambia, "namba yangu nilikupa kama nilivyokupa kipimo cha kifua changu. Je, na hicho umekigawa?"

Nikasema hapana, Bi. Somoe, wallahi hicho sijakigawa. Akatikisa kichwa, akaomba daftari. Nililibeba, nikampa. Akapekua mpaka akaliona jina lake, akanirudishia, akasema, "Chana hiyo karatasi unipe." Nikaichana. Akaikunja mara nne akaifunga kwenye pindo la kanga yake, kisha akanisindikiza mpaka barabarani kama mgeni wake yeyote.

Tangu hapo nimeapa, na kiapo changu nimekiandika kwa kalamu nene juu ya jalada la daftari ili nikione kabla sijafungua: jina la mtu na namba yake haviendi popote mpaka mwenyewe aseme viende, hata zawadi ikiwa ni gari. Simu mpya bado sina. Mteja akitaka mshono wa kisasa namwambia aje bandani anichoree kwa chaki mezani, na mikono naihesabu mbele yake.

Mzee Shija alirudi msimu huu, akashonesha suti ya pili. Wale kumi na mmoja waliochukua vitambaa vyao, saba wamerudi. Bi. Somoe nakutana naye stendi ya Ruangwa mara moja moja, ananiuliza watoto, ananiuliza mume, tunacheka, na mimi naliona gauni lake limevutwa mabegani, fundi mwingine amemkata vibaya, kazi ya pini mbili tu na dakika kumi. Namuaga, nashika njia yangu.