Safu ya Pili, Kutoka Lithi Hadi Neoni

Mwalimu wetu wa kemia aliandika polepole safu ya pili ya jedwali la elementi, kidole cha mkono wa kushoto kikitangulia chaki kupapasa ubao. Macho yalikuwa yakimwacha, naye hakuwahi kutuambia. “Lithi huachia elektroni yake kirahisi,” alisema kwa sauti yake ya chini. “Ukienda kulia, kwa jumla kiini cha atomi huvuta zaidi, na kung'oa elektroni moja huwa kazi ngumu.” Siku ile mkono wake ulipita ukingo wa ubao, akaandika neoni ukutani. Hakuna aliyecheka. Kiranja wetu, msichana mwenye utani na kila mtu, akasema taratibu, “Mwalimu, ubao umeisha.” Mwalimu akagusa plasta ya ukuta. “Basi nisomeeni, wanangu,” akasema. “Siioni tena safu yangu.” Tukasoma kwa pamoja kuanzia lithi, na kila jina akaliitikia kwa kichwa.