Sketi za Sulisuli

Mama Nomsa wa Jeppestown, hapa Johannesburg, anashona sketi za samaki. Nikisema hivyo msikitini Mayfair watu hucheka, wanadhani mimi mzee Hashim uzee umenipanda kichwani. Lakini ni kweli tupu. Chumba chake kiko juu ya gereji, ng'ambo ya roboti, zile taa za barabarani, na ukipanda ngazi unasikia cherehani kabla hujapiga hodi.

Jina lake ni Hedwiga, mtu wa Morogoro. Huko huko, kwenye kambi ya Mazimbu, ndiko alikoolewa na mkimbizi wa Afrika Kusini, mmoja wa wale waliopigania nchi yao wakiwa ugenini, na nchi ilipofunguka wakaja wote huku, binti yao Nomsa akiwa mgongoni. Mume alishafariki. Hedwiga alishona sare za shule mpaka kiwanda kikafungwa, mikono ikabaki inatafuta kitu cha kushika. Nomsa, ambaye ana nyumba nzuri Soweto, akaanza kumwambia ahamie kwake, apumzike. Neno hilo la kupumzika Hedwiga halipendi. "Nikikaa kwenye sofa la Nomsa kuangalia televisheni," aliniambia, "mtakuja kunizika kabla ya Krismasi."

Habari za samaki alizileta Claude. Huyu ni Mrundi wa Rumonge, mtu wa ziwani, aliyekuwa mpangaji mwenzake hapo juu ya gereji. Alipata kazi kwenye boti ya mtu mmoja wa Durban, wanamwita Skipa, anayepeleka wageni kuvua kwa mchezo. Na si Durban wanakovua. Ni mbali, nakwambia. Ni pwani ya Kosta Rika, upande wa bahari ya Pasifiki, ambako sisi tukiwa jioni, wao ndiyo kwanza wanakunywa chai ya asubuhi.

Samaki wanayemtafuta ni sulisuli. Mdomo wake mkuki, pezi la mgongoni akilifungua unadhani ni pazia la sebuleni. Boti inakokota nyuma yake chambo cha bandia: kichwa cha plastiki kilichovishwa vipande vyembamba vinavyochezacheza majini. Vipande hivyo wavuvi wanaviita sketi. Siku Claude alipopiga simu na kusema, "Mama, nishonee sketi," Hedwiga alimuuliza, "Kiuno chake ngapi, na umeoa lini?"

Walipokwisha kucheka akauliza lingine. "Wakishampata wanampika na nini?"

"Hawampiki, Mama. Wanamleta ubavuni mwa boti, wanampiga picha, wanamwachia."

"Wanamwachia!"

"Aende zake."

"Kwa hiyo watu wanapanda ndege, wanavuka dunia nzima, kwenda kumsalimia samaki?"

"Kabisa, Mama. Na wengine wanalia."

"Basi huyo ni samaki mkubwa," akasema Hedwiga, na hakuwa anasema habari ya urefu wake.

Tangu siku hiyo akawa anaishi na bahari ambayo hajaiona. Ukimkuta asubuhi anakwambia, "Jana kwa kina Claude ndege wa baharini walikuwa wengi," kama mtu anayekupa habari za jirani. Akakata makoti ya mvua ya plastiki yang'aayo, akakata mabaki ya magauni ya harusi, akashona, akafumua, akashona tena, mpaka kitambaa kikipepewa na feni kikawa kinaogelea.

Kisha ikaja ile Desemba. Claude alituma ujumbe wa sauti, nami nilikuwepo. "Mama, bonjour. Skipa amekubali kujaribu kazi yako. Sulisuli wakizifuata sketi zako, utamshonea mwaka mzima. Wakikataa, anabaki na za dukani. Fanya haraka, Mama, huku kiangazi kimeanza."

Nomsa naye aliusikia. Huyu binti anaelewa Kiswahili chote, ila anajibu kwa Kizulu. "Sawa, Mama," akasema, "tukubaliane leo mbele ya Babu Hashim. Samaki wakikataa, unafunga hiki chumba, tunakwenda nyumbani."

Hedwiga alimtazama, akatazama cherehani. "Tumekubaliana," akasema.

Akashona. Alishona rangi nyeusi, nyekundu ya damu na zambarau iliyokolea. Nilimuuliza mbona giza tupu. Akanyoosha sindano dirishani, ambako wingu lilikuwa limejaa juu ya mapaa ya mabati. "Si wamesema kiangazi? Maji yatakuwa tope. Samaki haoni kitu. Mpe kivuli kizito, atakiona." Nami nikaona ana akili. Mzigo ukaondoka na wageni wa Skipa waliokuwa wanapanda ndege hapa Johannesburg.

Jumapili moja jioni Nomsa alikuja na gari lake, simu ikalia, ya picha. Uso wa Claude ukajaa kioo, jua limempiga, lakini hacheki.

"Mama, eh, Mama. Mbona umetuletea nguo za msiba?"

"Msiba gani? Si ulisema kiangazi?"

"Ndiyo, kiangazi!"

"Basi. Mvua, radi, tope."

Claude akashika kichwa. "Mama, umekaa Joburg mpaka Kiswahili kimekugeukia! Kiangazi ni jua. Ni ukavu. Hata kwenu Morogoro ni hivyo hivyo."

Pale ndipo tulipoelewa, mimi na yeye pamoja. Huku tunakoishi, miezi ya joto ndiyo miezi ya mvua. Jua linakuchoma asubuhi na alasiri mawe ya barafu yanavunja vioo vya magari. Nasi miaka yote tumeiita miezi hiyo kiangazi kwa ajili ya joto lake, na neno likageuka mdomoni bila mtu kuliona.

Claude akageuza simu atuonyeshe. Ya Rabi! Sijaona buluu ya namna ile. Si rangi ya kitu, ni kama rangi yenyewe kabla haijapakwa popote. Akatueleza kwamba miezi hii upepo unashuka kutoka milimani, unasukuma maji ya moto ya juu kwenda mbali, na maji baridi yanapanda kutoka chini na chakula chake. Dagaa wanafuata chakula, sulisuli wanafuata dagaa. Rangi za giza ni za miezi ya mvua, mito inapomwaga tope na magogo. "Skipa ameziona," akasema taratibu. "Amesema nizirudishe kwenye begi."

Nomsa alianza kukunja shuka la kitandani.

Hedwiga akaisogelea simu. "Claude, unayo moja mkononi? Ipindue."

"Nipindue vipi?"

"Kama soksi. Ndani iwe nje. Wewe unadhani mimi nashona sketi bila bitana?"

Tukaona vidole vya Claude vinavuta. Chini ya ule weusi kikatoka kitambaa cha gauni la msimamizi wa harusi, waridi na nyeupe, kinameta kama magamba. Claude akapiga mluzi. Sauti ya mtu mwingine, nzito, ikasema kitu kwa Kiingereza. "Skipa anasema tuweke moja," Claude akasema. "Moja tu, Mama."

Tukaangalia. Boti inakwenda, povu linakimbia nyuma, na ndani ya povu kitu cha waridi kinaruka, kinazama, kinaruka. Ilichukua muda, chai ikapoa. Kisha nyuma ya ile sketi maji yakawa meusi, na weusi ule ukawa na mwili. Mkuki ukatoka. Pezi likafunguka lote, na huyo mnyama, Mungu ni shahidi, akawaka. Mistari ya buluu iliwaka ubavuni mwake kama mtu amewasha taa ndani. Watu wa boti wakapiga kelele. Ndoana ilikuwa imemshika. Akaruka juu ya maji, akajitikisa hewani, akarudi, akaruka tena.

Walipomleta ubavuni, Claude alimpa mwenzake simu, akainama akamshika mkuki kwa mikono miwili, akamwendesha taratibu majini apate pumzi, kisha akafungua vidole. Sulisuli akashuka ndani ya buluu bila haraka.

"Nenda, baba," Hedwiga akasema. "Nenda salama." Machozi yalikuwa yanamshuka wala hakuyafuta.

Skipa alitaka nyingine za waridi upesi, na zile za giza azitunze mpaka mvua zije.

Nomsa alikuwa bado amesimama na lile shuka mikononi. Alilikunjua, akalitandika upya kitandani, akanyoosha pembe zake. Kisha akashika kiti cha mama yake, akakitikisa, mguu mmoja ukacheza.

"Eish, Mama," akasema, "huwezi kushona mwaka mzima juu ya kiti hiki. Kesho nakuletea kingine."