Kisima cha Dobi na Pua Iliyostaafu

Mume wangu ana pua mbovu. Simsengenyi, hata yeye ukimwambia anacheka. Ukishinda na petroli miaka nenda rudi, pua inastaafu kabla ya mwenyewe. Kazi yake ni kufukua matangi ya zamani kwenye vituo vya mafuta vilivyofungwa, yale yaliyooza ardhini yakavujia udongo mpaka kwenye visima vya watu.

Kimojawapo kilikuwa changu. Mimi ni dobi. Siku mteja aliponirudishia mashuka akiuliza kama nafua kwa dizeli, nilitamani ardhi ipasuke. Kisima kikafungwa, nikawa nachota maji ng'ambo ya barabara kuu. Wateja wakaanza kupungua, na bila kile kisima kazi ilikuwa inanifia mikononi.

Bahati nzuri, kikosi cha mume wangu kikapewa kituo cha jirani, kile kilichovujia visima vyetu. Wakang'oa matangi, wakazoa udongo mchafu, wakavuta maji ya chini na kuyasafisha. Visima vya majirani vikapona kimoja kimoja. Changu, wapi! Kila dada mpimaji wa maji akija, jibu ni lile lile: mafuta bado yamo.

"Labda kuna tangi jingine," mume wangu akasema, uso umemsawijika.

Safari hii mpimaji akauliza, "Kuna mtu anakifungua?"

"Nani akifungue? Si kimefungwa!"

Mume wangu akakohoa. Kikohozi kile nakijua.

"Baba watoto?"

"Nachungulia tu, nikitoka kazini. Nateka kidogo, nanusa kama harufu imeisha."

"Unanusa kwa pua ipi?"

Nikazunguka nyuma ya kisima. Kamba anayotekea ilikuwa pale, nyeusi, inateleza. Nikainusa. Lahaula! Dizeli tupu! Ilitoka kazini, ilikokuwa ikifungia matangi, na ndoo yake vilevile. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mpimaji alicheka mpaka akakalia sanduku lake la vifaa. Mimi nilifoka maneno ambayo sitayarudia hapa. Kisha nikamwona baba wa watu ameshika kofia mkononi, hasira ikaniisha. Kumbe kila jioni, kabla hata ya kunisalimu, alikuwa anapitia kisimani kunitafutia habari njema.

Kamba ikaondolewa, maji yakavutwa yote, naye nikampiga marufuku kuvuka kamba ya kuanikia nguo. Majibu yalipokuja kwamba maji ni safi, niliteka ndoo ya kwanza mwenyewe. Yeye kasimama ng'ambo ya mashuka, kama mtoto aliyenyimwa mpira.

"Yananuka?"

Nikampelekea kikombe. Akanywa polepole.

"Hayana ladha yoyote," akasema, machozi yanamlengalenga. "Hayana kitu kabisa, mke wangu."

Moyo ulinijaa furaha. Nikamwambia avue ovaroli nimfulie.

"Hapa?" Akarudi nyuma, kalishika kifuani kwa mikono miwili. "Thubutu! Hili nitalifulia kazini."