Mama Hakuingia

Nikinusa ukuta uliokandikwa upya kwa udongo na samadi, mambo ya leo yananitoka kichwani kabisa. Narudi darasa la tano, miaka ya tisini, siku shule yetu ya Kaloleni ilipotupeleka kuona nyumba za kale za makabila ya Kenya, zilizojengwa upya ili sisi watoto wa mjini tujue tulikotoka.

Mama alikuja kusaidia walimu. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na mama hakuwa mtu wa kufunga kibanda chake cha mitumba katika soko la Gikomba ovyo ovyo, kwa hivyo nilivimba kichwa ajabu. Nilitaka kitu kimoja tu: aingie nami nyumba ya kwetu, ya Wajaluo, anionyeshe kila kitu, wenzangu wakiona.

Tulipofika mlangoni akaniachia mkono.

"Ingia, Akinyi. Nitawangoja."

"Karibu ndani, Mama Akinyi," mwalimu alimwita. "Hii si ni yenu? Tutaelezwa na nani?"

"Asante, Mwalimu. Hapa panatosha."

"Woi! Mathe ya Akinyi anaogopa nyumba haina hata mtu!" mmoja wetu akapasua, na darasa zima likaangua kicheko. Nilitamani ardhi inimeze. Ndani mlikuwa na vyungu, kinu, ngozi ya kulalia, lakini macho yangu yalikuwa kwa mama, amesimama juani na kikapu cha chapati.

Hata mtaani alikuwa hivyo. Jirani akimkaribisha, yeye husalimia kutoka nje. Watu walisema ana maringo. Nami, jamani, niliamini.

Nilikuwa mtu mzima shangazi aliponieleza. Kwetu, mjane asiyerithiwa, yaani asiyechukuliwa na ndugu wa marehemu mumewe, haingii nyumba ya mtu, asije akaipelekea mkosi. Binamu wa baba ndiye aliyechaguliwa kumrithi mama, na sharti lake lilikuwa sisi watoto tuache shule, turudi mashambani. Mama akakataa katakata. Kisha akaubeba mwiko ule peke yake, miaka yote, asimdhuru mtu. Hata nyumba tupu ya maonyesho aliihurumia. Nililia siku hiyo kama mtoto.

Baadaye, nilipopanga nyumba yangu ya kwanza, mtaa wa Donholm, alikuja kuniona. Akasimama nje. Sikumbembeleza aingie. Nilitoa viti viwili na chupa ya chai, tukaketi palepale mlangoni, mimi na yeye.