Muuza Betri wa Mille Lacs

Muuza betri wa kando ya Ziwa Mille Lacs hasomi maandishi ya kwenye boksi. Hushika betri moja kila mkono, akafumba macho, akanyamaza kama anayesikiliza. Anasikiliza nini? Marlys, aliyepasuliwa bega mwaka jana, alibaki kumtazama. Alikuja kuuza mashine yake ya kuonea samaki chini ya barafu, maana, kama alivyomweleza muuzaji, betri yake nzito ya madini ya risasi ilimshinda kubeba kwa bega hilo.

"Mashine sinunui," muuzaji alisema kwa sauti yake ya mafua. "Jaribu hii ya lithiamu. Siyo mkono huo, mama. Tumia ule mbovu."

Marlys aliiinua kwa woga, ikafika kifuani.

"Mbona nyepesi? Humu ndani kuna kitu kweli?"

Muuzaji alikuwa amekinga viganja chini ya kiwiko cha Marlys, bila kumgusa, na hakuviondoa mpaka alipomwona anacheka.