Eda Ambayo Sikuikaa

Siku moja kabla ya mapinduzi nilikuwa nimekaa uani kwetu Unguja, nikichagua choroko za Ramadhani. Mume wangu Salim, karani wa serikali, alirudi na gazeti kwapani. Serikali yetu huru ilikuwa na umri wa mwezi mmoja tu.

"Askari wengi wa bara wamerejeshwa kwao," alisema. "Na jeshi hatuna."

"Sasa nani atatulinda?"

"Katiba."

Akacheka mwenyewe. Mizaha ya Salim haikuwa na chumvi. Nikamwambia akanawe.

Alfajiri tulisikia bunduki upande wa Ziwani, kwenye kambi ya polisi. Jua halijatua, serikali haikuwapo tena.

Tulijifungia ndani.

Baadaye wenye bunduki wakagonga, wakamtaka Salim. Salim alifunga kamba za viatu taratibu.

"Niwekee choroko," akasema.

Katiba ile ilifutwa, nchi ikaendeshwa kwa amri. Mimi kila Ijumaa nilipeleka chakula kwenye lango la jela. Askari alikipokea, akanirudishia bakuli tupu. Nikaamini Salim yu hai.

Hatimaye ndugu zangu walinileta London, nikapata kazi ya kufua mashuka ya hospitali huko Lewisham. Waliokuja kuniposa niliwafukuza. Mimi mke wa mtu.

Miaka ishirini ikapita. Shemeji yangu Hamad akaja kutoka Unguja, akakaa jikoni kwangu bila kuvua koti.

"Shemeji, tuna katiba mpya. Imeweka haki za watu. Mtu hawekwi tena ndani hivi hivi, lazima afikishwe mahakamani."

Niliruka kwa furaha. "Basi watamtoa!"

Hamad akainamisha kichwa. "Watu sasa wanathubutu kusema. Nimemwona aliyefungwa naye chumba kimoja. Salim hakuimaliza Ramadhani ile."

Nililia mpaka sauti ikanikauka. Kesho yake niliomba ruhusa kazini, nikatoa nguo nyeupe, nikaenda Peckham kumuuliza sheikh nianze lini kukaa eda.

"Mama," akasema kwa upole, "eda huhesabiwa tangu siku ya kifo, si siku ya habari. Yako, miezi minne na siku kumi, imeshakwisha zamani."

Katiba ile mpya siisemi vibaya. Walio hai itawafaa. Mimi na Salim ilituchelewea.

Ndani ya basi la kurudi nikaikumbuka miezi ile minne na siku kumi. Kila Ijumaa nilikuwa nikimpikia. Na kila Ijumaa bakuli lilirudi tupu.